Tausi wa Barabara ya Opala

Mvua ilikuwa imekatika, lakini miti haikuwa na habari. Iliendelea kudondosha maji juu ya paa la gari. Rolly alifungua jicho moja, akaliona tope, akalifumba tena. Mgongo ulimuuma kuanzia shingoni hadi kiunoni. Kwenye kiti cha nyuma mteja wake, mzee Édouard, aliyemwita tonton, yaani mjomba, alikuwa ameshakaa wima, kamera mapajani, miwani imeshika ukungu, kama mtu anayengojea kuitwa kwa daktari.

"Rolly, umelala?"

"Hapana, tonton. Ninapumzisha macho."

"Macho yako ndiyo niliyoyakodi."

"Ndiyo maana ninayatunza."

Édouard hakucheka. Siku za kwanza alicheka sana, hata kwa mambo yasiyochekesha. Sasa kicheko kilikuwa kimemwisha kama biskuti zake.

Alikuwa mtoto wa mtoni, mzaliwa wa Isangi, aliyesoma Kisangani na kuondoka akiwa kijana asiye na ndevu. Mvi zilimwotea Namur, huko Ubelgiji, akipanga barua za watu wengine posta. Alipostaafu akanunua kamera yenye lenzi ndefu kama mchi, akaingia chama cha wapiga picha za ndege. Chama hicho, kila printemps, wakati miti ya kwao inapochipua na mbayuwayu wanaporudi kutoka Afrika, huchagua nchi ya kigeni, huizunguka kwa gari na kurudi na picha za kuonyeshana. Walikwisha kwenda Hispania, wakaenda Rumania. Mwaka huu Édouard alisimama mbele ya wenzake akasema hahitaji kumfuata mtu yeyote popote. Yeye ataanza safari peke yake, atawaletea picha ya tausi wa Kongo, akiwa huru porini, kutoka nchi yake mwenyewe. Kisha akaenda ubalozini kuomba viza ya kuingia nchi kilikozikwa kitovu chake.

Tausi huyo si yule wa bustani za matajiri, anayeburuta mkia kama gauni la harusi. Huyu mkia wake ni mfupi. Ni mweusi hadi jua limguse. Likimgusa, anawaka buluu na kijani. Shingo ni nyekundu, na utosini ana kishungi cheupe. Anaishi chini, gizani, na akisikia mguu wa mtu amekwisha kwenda zake.

"Ukinipatia huyo," Édouard alikuwa amesema kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, hata masanduku hayajatoka, "printemps ijayo ninakuletea chama kizima. Magari mawili, na kiongozi ni wewe. Na baada yao watakuja wengine."

Rolly alifanya kosa la kwenda kumwambia mke wake. Bijou alikuwa ameshamfungia nguo begini, kwa sababu bila wageni Rolly angekwenda Buta kuendesha lori la mbao, na wanaume wa malori ya mbao hurudi nyumbani kama wageni, wanauliza chumvi inakaa wapi. Aliposikia habari za chama, Bijou alizitoa nguo begini, moja moja, akazitundika. Alikuwa akiimba kidogo.

Kwa hiyo Rolly alitafuta. Walianza Masako, msituni ambako wanafunzi wa chuo kikuu hupima miti na wenyeji hulima ndizi. Wakashika barabara ya Bafwasende mpaka daraja lilipowakataa. Wakavuka mto hadi Lubunga, wakaingia barabara ya Opala, ambayo kwenye ramani ni mstari na ardhini ni ugomvi. Walipiga picha hondohondo, kasuku, tai, vigong'ota wa kila rangi. Kila ndege aliyejitokeza, Édouard alimtazama kama mtu aliyefunguliwa mlango na mtu asiye yule aliyemjia.

Na mara zote alikuwa akiuliza: "Umemsikia?"

Na mara zote Rolly alijibu: "Sijamsikia, tonton."

Angeweza kusema ndiyo. Viongozi wengine husema. Wapenda ndege wakiambiwa na kiongozi kwamba ndege fulani amelia upande ule, hufurahi na kulala vizuri. Lakini Rolly hakuwahi kudanganya kuhusu ndege, hata kuhusu njiwa. Mambo mengine alikuwa amedanganya, kama watu wote. Ndege hapana. Aliyajua hayo kuhusu nafsi yake, na katika mji ambao kila mtu anakuapia, aliyaonea fahari.

Asubuhi hiyo, kesho yake ikiwa siku ya kurudi, injini ilichemka. Rolly alichukua kidumu akaenda kuomba maji kwenye nyumba moja kando ya barabara. Mwanamke mnene mwenye kikwembe cha Pasaka iliyopita alikuwa anaponda lituma, ndizi zinanukia hadi barabarani.

"Mbote, mama."

"Mbote, papa. Gari yenu ilikufa?"

"Iko na kiu tu."

"Na ule muzee ndani yake?"

"Ule iko na kiu ya ndege."

Mwanamke, aliyejitambulisha kuwa mama Fortunée, alicheka hadi mchi ukasimama. Rolly aliinama kujaza kidumu pipani. Kuku walipita miguuni pake. Nyuma yao, polepole, kama afisa anayekagua askari, alipita tausi wa Kongo.

Rolly alibaki ameinama. Maji yalifurika, yakamlowesha viatu.

"Mama. Ile ni nini?"

"Ile? Ile ni Komanda." Mama Fortunée aliendelea kuponda. "Bwana yangu aliokota yai moja kule pori, miye nikaiweka chini ya kuku. Kuku akalalia. Siku ilipopasuka tukaangalia, ee, huyu mutoto hafanane na mama yake. Sasa angalia, hata jogoo anamupisha."

"Ukimwita anakuja?"

"Hata usipomwita. Tumbo ndiyo inamwita."

Rolly alikaa juu ya kidumu. Aliitazama barabara. Alimfikiria Bijou, na lori la mbao, na mzee aliyeketi garini akiufuta ukungu wa miwani kwa ncha ya shati. Hakuamua jambo, alikuwa amechoka mno kuamua. Aliona tu kama mteremko umeanza, naye yuko juu yake.

"Mama, niazime huyo Komanda mpaka jioni."

"Kuazima ndege? Watu wa Kisangani muko na mambo. Mutamukula."

"Hatutamla."

"Wote wanasemaka vile, na midomo inang'aa mafuta."

"Nitakuachia telefone yangu."

Mama Fortunée aliigeuza simu huku na huku, akaitia kifuani. "Bon. Arudi na manyoya yote. Mukia yake ninaijua."

Rolly alimchukua Komanda ndani ya kapu lililofunikwa kitambaa, akamficha nyuma ya mizizi mikubwa ya mti mmoja msituni, karibu na kijito, akaweka na makombo ya ndizi ili atulie. Kisha akarudi garini. Édouard aliuliza kwa mazoea tu, bila hata kuinua kichwa: "Umemsikia?"

"Nimemsikia, tonton."

Ilitoka kirahisi. Hilo ndilo lililomtisha.

Mzee aliteremka haraka hata akasahau kofia. Walitambaa hadi kando ya kijito, wakalala kifudifudi juu ya turubai la plastiki, majani yamewafunika mgongo. Rolly alizunguka, akisema anakwenda kumsukuma ndege upande wa mwanga. Akafunua kapu. Akarudi kwa njia nyingine, akalala kando ya mzee kama mwizi.

Komanda alitokea. Alijitikisa, akapanda juu ya mzizi, na jua, lililokuwa halijaonekana tangu asubuhi, likapita kwenye tundu la majani likamwangukia. Aliwaka. Buluu ilikimbia mgongoni mwake kama moto wa pombe kali, shingo ikaonekana nyekundu kama kidonda kipya. Hata Rolly, aliyejua kila kitu, alisahau kwa pumzi mbili kwamba anajua.

Kamera ililia, ikalia, ikalia. Machozi yalikuwa yanateremka ndani ya ndevu nyeupe za Édouard, naye hakuyafuta kwa sababu mikono yote ilikuwa na kazi.

"Nilikuwa mtoto," alinong'ona. "Baba alisema yuko. Sikumwamini."

Ndipo Komanda alipogeuza kichwa, akawaona watu wawili wamelala chini. Na kwa Komanda, mtu ni chakula. Alishuka mzizini akaja mbio, mabawa nusu wazi, kama mtoto aliyesikia sahani. Lenzi ndefu ilihangaika kumshika, ikashindwa. Alikuwa karibu mno. Akakanyaga turubai. Akadonoa kamba ya kiatu cha Édouard, akaivuta. Halafu akaingiza kichwa katika mfuko wa koti lake, mlimokuwa na vumbi la biskuti.

Édouard aliiteremsha kamera polepole.

"Rolly."

"Tonton."

"Huyu anaitwa nani?"

Rolly alikuwa amefunika uso kwa kiganja. "Komanda."

Mzee aliketi. Hakupiga kelele, Rolly angependa apige. Alimtoa ndege mfukoni kwa upole, akaiwasha skrini ya kamera, akaanza kuzipitia picha moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri kuliko picha yoyote ya tausi huyo ambayo Rolly alikuwa amewahi kuonyeshwa na mgeni.

"Tazama hii. Mzizi, jua, pori nyuma. Nani atajua?"

"Hakuna mtu, tonton."

"Wenzangu wataniuliza kiongozi alisema nini. Watakuuliza wewe. Utawaambia: msituni, barabara ya Opala. Msitu si huu? Barabara si ile?"

Rolly alianza kulikunja turubai.

"Asubuhi nilikuwa mtu safi," Édouard alisema, na sauti ikaanza kupanda. "Mtu aliyeshindwa, lakini safi. Wewe ndiye uliyenilaza hapa nilie mbele ya kuku. Umeanza, basi maliza."

"Twende turudishe ndege ya watu," Rolly alisema.

Mama Fortunée alimkagua Komanda mkiani na chini ya mabawa, akaridhika. "Alifanya kazi muzuri?"

"Kupita miye," Rolly alijibu, akachukua simu yake.

Wakashika barabara ya kurudi. Walilala njiani ndani ya gari, kila mmoja akijifanya hasikii mwenzake akigeuka. Katika mashimo, Édouard aliikumbatia kamera kama mtoto mgonjwa. Rolly alijaribu maneno kichwani. Msituni, barabara ya Opala. Yalikuwa mafupi. Bijou asingejua. Chama kingekuja, na baada ya chama wengine, nao wangelala kifudifudi mahali pale pale, wangemwuliza amemsikia, naye angejibu. Kila printemps angejibu.

Lubunga, magari yalikuwa yamejipanga kungojea bac, ile feri ya kuvukia hadi Kisangani. Landry, dereva ambaye naye hupeleka wageni, alikuwa ameegemea lori akila kamundele, mafuta ya mishikaki yanatiririka hadi kiwikoni.

"Rolly ya ndeke!" aliita. "Angalia ulivyochakaa. Na muzungu mweusi wako, amepata bibi-arusi wake wa manyoya?"

Madereva wengine waligeuka. Hapo ndipo habari zote za barabara hupimwa. Linalosemwa Lubunga asubuhi, jioni linajulikana hadi uwanja wa ndege. Dirisha la Édouard lilikuwa wazi. Angeweza kujibu mwenyewe. Badala yake alimtazama Rolly, akasubiri.

Rolly alishuka. Aligundua kwamba uongo nao ni mzigo, unataka mtu wa kuuinua na kuutwika, na yeye mikono ilikuwa imekwisha nguvu.

"Tumeona moja," alisema. "Ya mama mumoja kule njiani. Inakaa na kuku, iko na jina. Kule pori hatukuona kitu."

Landry aliacha kutafuna. Kisha akapasuka kwa kicheko, akajishika mbavu. "Bandeko, mukuje musikie. Wamekwenda mpaka njia ya Opala kupiga kuku foto."

Walicheka wote. Muuza mishikaki naye alicheka. Rolly alinunua maji, akanywa yote akiwa amesimama, hakuongeza neno wala hakupunguza. Aliporudi garini, dirisha la nyuma lilikuwa limefungwa.

Bac ilipowachukua, injini ikanguruma chini ya miguu yao na mto ukaanza kusogea. Wafanyabiashara walikuwa wanagombania nafasi ya magunia ya mkaa. Katikati ya maji ndipo Édouard aliposema, bila ukali, kama mtu anayesoma ratiba:

"Nitawaambia twende Ureno."

"Sawa, tonton."

"Wanasema huko kuna korongo wanaojenga viota juu ya miamba ya bahari."

"Itakuwa vizuri."

Mvulana wa karanga alipita, hakuna aliyemwita.

"Ungeweza kunyamaza, Rolly. Kucheka tu na wenzako, ukapanda gari."

"Ningeweza."

"Basi kwa nini?"

"Nilichoka, tonton."

Édouard aliyatazama maji ya mto aliozaliwa kandokando yake, maji ya rangi ya chai, yanayoteremka kuelekea Isangi bila kuwangoja. "Na mimi," akasema. Akaegemeza kichwa kwenye kioo. Kabla hawajafika ng'ambo alikuwa amelala, mdomo wazi, kamera imemponyoka mapajani.

Bac iligusa ukingo. Magari ya mbele yalianza kutoka, na nyuma ya gari lao watu wakaanza kupiga honi. Rolly aliinama akaiokota kamera, akaiweka vizuri kitini. Kisha akaketi mikono ikiwa juu ya usukani, hakumwamsha mzee, akawaacha wapige honi kidogo.