Mchanga Mweusi Mlangoni kwa Bi Naima

Bi Naima wa Kunduchi alirudi kutoka mapumziko Ngazija, kule Komoro, na mabega yaliyoungua jua, picha mia nne kwenye simu, na mchanga. Huo mchanga hakuualika. Uliingia wenyewe kwenye mapindo ya baibui, kwenye soksi, mpaka kwenye kifuko cha dawa za presha. Tena mweusi tititi, maana kisiwa chenyewe kimezaliwa na mlima wa moto, na ufukwe wake ni mawe ya volkano yaliyosagika. Haya, mweleze hayo mtu wa Kunduchi aliyekulia kwenye mchanga mweupe, uone kama atakuelewa.

Basi Jumapili asubuhi mama wa watu akalikung'utia begi lake kizingitini, akisema atafagia baadaye. Akapitiwa. Alikuwa na pilau jikoni, na alasiri hiyo watu wa Kawe wanakuja kuchukua jibu la posa ya Tunu, binti yake wa pekee. Tunu ana miaka thelathini na mbili. Posa ya kwanza ilivunjika, na maneno ya watu yakamnyima mama yake usingizi mwaka mzima. Hii ya Salumu, ambaye binti anampenda mpaka haya hana, isingevunjika, wallahi, labda Naima awe kaburini.

"Hodi! Asalaam alaykum!"

"Waalaykum salaam! Karibuni ndani, karibuni!"

Hakuingia mtu. Naima akachungulia. Bi Zubeda, shangazi yake Salumu, kasimama nje na doti mpya ya kanga, mguu mmoja juu kama kuku. Nyuma yake mdogo wake, Khalfani, kabeba sinia ya halua. Wote wawili macho chini, kwenye unga mweusi uliotapakaa kizingitini toka mwimo hadi mwimo.

Mtoto yeyote wa Pwani anajua unga mweusi mlangoni siku ya wakwe una maana gani. Dawa hiyo. Ukiiruka umekwisha, utaitikia kila utakaloambiwa.

"Bi Naima," Zubeda akasema taratibu, "sie tumekuja kwa heri."

"Na ni heri tupu! Huo mchanga tu, jamani."

"Mchanga gani mweusi?"

"Wa Ngazija."

Khalfani akarudi nyuma hatua mbili. Kumbe dawa yenyewe imevuka bahari!

Sasa afanyeje? Kufagia haiwezekani, maana ukishika ufagio mgeni yuko mlangoni, umemfukuza. Kumwita Tunu atoe ushahidi, haiwezekani pia, maana anayeposwa hajitokezi mbele ya wakwe, na Tunu alikuwa kajifungia chumbani anasikia kila kitu. Naima akachomoa simu, akanyoosha mkono juu ya mchanga.

"Tazama, huu ndio mlima wenyewe."

"Mlipanda?" Zubeda akauliza, kwa mbali.

"Nilifika robo, magoti yakagoma. Nikakaa juu ya jiwe nikala mihogo yangu. Hili hapa ziwa la chumvi, limo ndani ya shimo la volkano ya zamani, bahari iko pale karibu kabisa. Na hapa naogelea."

"Na baibui?" Khalfani akarefusha shingo.

"Tazama mbele wewe!"

Akasogeza picha kwa pupa. Ikaja ya kichwa. Kichwa cha Naima peke yake, juu ya mchanga mweusi, hakina shingo wala kiwiliwili, kinacheka meno yote nje.

"Yarabi!" Zubeda akapiga ukelele. Halua nusura imwagike. "Khalfani, tuondoke!"

Hapo Naima akachoka. Akaketi palepale juu ya mchanga, na baibui lake safi.

"Nendeni basi," akasema. "Lakini mjue nani aliyenifukia hivyo. Ni Tunu. Aliniambia, mama, kabla sijaolewa twende mahali sie wawili tu, usipike, usifue, usimsubiri mtu. Tukacheza kama vitoto. Alichimba shimo kwa mikono yake, akanifukia mpaka shingoni, akacheka mpaka akalia. Na mie nikalia. Nilijua nikirudi huku, jibu langu ni ndiyo, na nyumba hii nitabaki peke yangu. Huo ndio uchawi wangu, Bi Zubeda. Sina mwingine."

Mara kutoka chumbani kikasikika kilio cha mtu aliyejiziba mdomo kwa mto, na mto wenyewe haukutosha.

"Anayelia ni nani?" Zubeda akauliza.

"Ndiye mwenyewe."

Bi Zubeda akavua viatu. Akaukanyaga ule mchanga kwa nyayo zote mbili, akakaa chini kizingitini, bega kwa bega na Naima.

"Mie wangu nimemwoza Tanga, mwaka wa sita huu," akasema. "Hata picha moja ya upuuzi kama hiyo sina." Akaishika simu, akaitazama muda mrefu. "Khalfani, weka halua hapo chini. Tupe jibu letu, mwenzangu."

Naima akajifuta kamasi kwa ncha ya mtandio.

"Mchukueni," akasema. "Ila mara moja kwa mwaka mniazime."