Mkono Uliokatwa kwa Jina la Bavon

François alipoambiwa ale kiapo, aliinua mkono wa kushoto. Wa kulia uliishia kwenye kifundo. Ulichukuliwa na msumeno wa kiwanda cha mbao miezi kumi iliyopita, na ndio uliowaleta wote katika mahakama ya kazi ya Kisangani asubuhi ile.

Wakili wa kiwanda hakupoteza muda. Alifungua daftari la wafanyakazi, akaliinua watu walione, akasema humu hamna François. Aliyeandikwa ni Bavon, na Bavon yule pale kwenye benchi, mikono yake yote miwili mizima. Huyu asiye na mkono alijipenyeza kwa jina la kaka yake, kapita, msimamizi wa kazi, hana habari, kwa hiyo fidia haimhusu. Na kwa jeuri yake, aliyasema hayo akitabasamu.

Ubaya ni kwamba daftari halikusema uongo. Ndugu hawa ni Wagenia, wavuvi waliokulia juu ya miti ya mitego ya samaki pale kwenye maporomoko ya mto. Kule kila nyumba ina sehemu yake ya kutega, na ndugu hupokezana. Hakuna anayeuliza ni yupi amepanda, mradi sehemu ya nyumba isikae bure. Bavon alipopata kazi kiwandani, wakafanya vivyo hivyo. Siku akitakiwa mtegoni, mdogo wake François alikwenda kwenye msumeno, na jina la Bavon likiitwa, aliitika. Kwa miaka mitatu waliona ni jambo la kawaida kabisa. Hata siku ya ajali Bavon alikuja alfajiri kumwambia François aende kiwandani, kwani yeye anatakiwa mtegoni, na jioni akafika hospitali na sufuria ya samaki.

Kapita Osée aliitwa. Akala kiapo bila kupepesa macho, akasema hakujua lolote. Watu wa maporomokoni, alidai, wanafanana. François, aliyekula chikwangue, mkate wa muhogo, na mtu huyo siku zisizohesabika, alihisi damu ikimpanda kichwani. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anadanganya kweupe namna hii! Wakili wake, Tania, alimgusa bega atulie.

Hakimu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alieleza kwamba jina katika daftari si kila kitu. Mahakama inaangalia ni nani aliyefanya kazi, na ni nani aliyemwagiza. Kama kapita alijua na akamkubali, huyu alikuwa mfanyakazi na fidia ni haki yake. Kama kapita alidanganywa, François arudi nyumbani mikono mitupu. Akauliza kama yupo wa kuthibitisha.

Pétronille, mke wa François, alikuwa akisali, midomo ikicheza bila sauti. Miezi yote kumi amekuwa akimvisha mumewe shati, na fidia ile ndiyo tegemeo pekee walilobaki nalo.

Bavon akasimama. Hakuna aliyemwita. Tania mwenyewe alishtuka, maana walikubaliana akae kimya asije akajitia matatani. Hakimu akamruhusu. Aliinua mkono wa kulia, akala kiapo, kisha akasema bila kumtazama ndugu yake:

"Mama juge, kapita alijua. Siku moja mbele ya ajali alinionyesha ile machine. Kifuniko ya msumeno ilivunjika, meno yote iko inje. Nikamuambia, mimi naogopa. Akanijibu: bon, kama unaogopa, kesho tuma petit yako François, kama siku zote."

Hakimu alimgeukia Osée, akamkumbusha kiapo chake, akamuuliza kama maneno hayo ni ya kweli. Kapita akainamisha kichwa, akakiri kwa sauti ndogo. Wakili wa kiwanda akalifunga daftari, na lile tabasamu likapotea.

Tania alimminya François begani kwa furaha. François hakuhisi kitu. Alimtazama kaka yake pale mbele, akatazama ile mikono miwili iliyoshika ukingo wa meza, na masikioni mwake yakabaki maneno mawili tu: naogopa, na tuma petit yako.

Kwa siku nane hakumsemesha. Bavon alipita nyumbani kila asubuhi, akasimama uani, akaondoka. Siku ya nane hukumu ikasomwa: François alikuwa mfanyakazi, kiwanda kimeshindwa, fidia italipwa maisha yake yote. Pétronille alilia hadharani bila kujali watu. Karani akaleta karatasi, François akatia dole gumba la kushoto.

Nje, Bavon alikuwa akingoja karibu na ukuta, peke yake. François alimfuata. Siku zote nane alikuwa akitafuta neno la kumwambia, na sasa lilitoka lenyewe, kwa upole ambao haukumpendeza hata mwenyewe.

"Yaya Bavon, ile samaki uliniletea hospitali, uliitoa ku mutego?"

Alikumbuka jinsi Bavon alivyoketi kitandani akimtolea miiba, kipande baada ya kipande, na jinsi alivyomshukuru.

Bavon alitazama chini.

"Hapana. Siku ile sikupanda ku mutego. Nilinunua ku soko."