Kuta za Magurudumu

Watu wakisikia kwamba niliishi nyumba moja na mkwe wangu hunionea huruma, au humwonea yeye. Wanakosea. Mimi na mke wa mwanangu tulikuwa chanda na pete, na kama kuna mtu wa kuonewa huruma katika nyumba ile basi ni mwanangu, maana tulimsengenya akiwa pale pale anakunywa chai.

Nilimpa mkwe wangu jina la Redio. Kazi yake ilikuwa kusoma vitabu kwa sauti, kuvirekodi na kuvituma kwenye kampuni inayouza vitabu vya kusikiliza. Asubuhi nzima alikuwa chumbani peke yake, mlango umefungwa, anazungumza: mara mzee, mara binti, mara askari anayefoka. Mgeni asiyejua alidhani ndani kuna mkutano. Alikuwa na sauti nzuri, si kidogo. Mimi niliyeshona nguo za watu maisha yangu yote nilikuwa nasimamisha cherehani, najifanya natafuta uzi, kumbe namsikiliza.

Taabu ilikuwa mwanangu. Yeye ni seremala, karakana yake iko uani, na ukuta wake ndio ukuta wa nyumba. Ana mashine ya randa, ya kulainishia mbao, iliyofungwa kwenye zege, na ikiwaka, vikombe kabatini vinagongana. Redio alijaribu kujifunika blanketi pamoja na maikrofoni yake, anatoka humo amelowa jasho chapachapa, na bado kampuni ikamrudishia kazi: kuna ngurumo, rudia. Akirudia, ngurumo ipo. Waligombana sana juu ya jambo hilo. Mkewe alisema uliniahidi utazima, mwanangu akasema dakika mbili tu, namalizia ubao. Kisha wakaacha kugombana, na hapo ndipo niliposhtuka. Watu wanaogombana bado wanatarajia kitu.

Siku moja tukianua nguo, Redio akaniambia bila kunitazama kwamba ameona chumba cha kupanga upande wa pili wa mji. Kampuni ilikuwa imempa kitabu kikubwa, na wamemwonya kwamba hiki kikirudi hatapewa kingine. "Kikirudi, mama, nahama," akasema. Sikumuuliza kama anahama na mumewe. Shati alilokuwa analikunja lilikuwa la mumewe, na alilikunja vizuri kupita kiasi.

Mimi si mtu wa kuweka mambo tumboni. Jioni ile ile nilikwenda karakana, nikamzimia mashine kwa mkono wangu, nikamwambia mwanangu kwamba mkeo anaondoka. Kwanza akacheka. Akanitazama vizuri, akaacha kucheka. Alikaa juu ya rundo la mbao akajifuta vumbi usoni, akaniuliza afanye nini. Nikamjibu kwamba fundi ni wewe, mtengenezee mahali.

Basi akazama kwenye simu, akatazama jinsi watu wengine wanavyojenga studio majumbani mwao. Alirudi na wazo la kuta za kunyonya sauti, tena za kusogezwa. Chumba chao kilikuwa kidogo mno kwa kazi hiyo. Sebule ilikuwa na nafasi, ila sebule ni ya wote, na mimi jioni nataka taarifa yangu ya habari. Kwa hiyo kuta ziwe na magurudumu. Asubuhi Redio azizungushie meza yake, akimaliza azikunje na kuzisukuma nyuma ya kochi, nasi tupate nyumba yetu.

Sijapata kumwona mwanangu akifanya kazi kwa adabu namna ile. Alichagua mbao nyepesi zisizo na mafundo, akaunga fremu ndefu kumzidi yeye mwenyewe, akaziunganisha mbili mbili kwa bawaba. Ndani alijaza nyuzi za mawe, yale matandiko mazito yanayowekwa chini ya bati kuzuia joto. Yanawasha hayo, asikwambie mtu. Tulijikuna kutwa nzima. Kufunika ilikuwa kazi yangu. Nilidhani nitashona turubai nene, imara. Mwanangu akakataa, akasema sauti inatakiwa ipenye iingie mle ndani ikafie humo, kwa hiyo kitambaa lazima kipitishe pumzi.

Tukaenda dukani sote watatu kupima vitambaa kwa kuvipuliza. Mwenye duka alituona wehu. Mwanangu alishika kipande kimoja cha kijani mbele ya uso wa mkewe, akapuliza, na nywele zake za mbele zikaruka. Redio akacheka mpaka akashika kaunta. Akapuliza naye. Nikajifanya nauliza bei ya vifungo, na moyoni nikasema haondoki mtu hapa.

Siku zile za ujenzi nyumba ilirudi kuwa nyumba. Mwanangu alimkalisha mkewe kwenye kiti, akapima kutoka sakafuni hadi mdomoni, akasema hapa ndipo kitovu cha kazi. Redio akamuuliza kama anapima mke au kabati. Mimi nilikuwa nyuma ya cherehani, na kitambaa changu kilikwenda kombo kwa sababu ya kusikiliza yasiyonihusu.

Kuta zilipokamilika tukazisimamisha sebuleni, tukaingia katikati. Nilipiga kofi, na kofi likafa mkononi. Hata kukohoa kwangu kulisikika kama kwa mtu mwingine. Redio alivaa vile visikilizio vyake vya masikioni, akasoma kidogo, akainua dole gumba. Halafu akamwomba mumewe akawashe randa.

Akaiwasha. Nikamtazama mkwe wangu usoni, nikaona dole gumba linashuka. Alinivisha vile vya masikioni nisikie mwenyewe. Mashine ilikuwa mle ndani, wazi kuliko zamani, kila jino la kisu chake linahesabika. Zamani mwangwi wa chumba uliifunikafunika. Sasa tumeondoa mwangwi, imebaki mashine peke yake. Fundi mitambo wa kampuni alipopigiwa simu alieleza kwa upole kwamba kuta za namna hiyo zinanyonya sauti iliyomo chumbani, hazizuii inayotoka nje. Kuzuia ya nje kunataka uzito: matofali, zege, milango mizito. Mwanangu alisimama kwenye mlango wa uani, mikono imejaa vumbi, na nilimwona anameza mate kama mtoto aliyenyimwa.

Hatukukata tamaa siku ile. Walipatana kwamba asubuhi ni ya kitabu, mchana ni wa randa. Na mwanangu alishika neno lake safari hii, lazima niseme. Asubuhi alipiga msasa kwa mkono, alichora, alipaka gundi. Wateja walinung'unika akawavumilia. Kitabu kikasonga hadi siku moja ikabaki sura ya mwisho, na kampuni ilikuwa inaisubiri mchana huo huo.

Asubuhi hiyo mwanamume mmoja akaingia uani. Vifungo vya shati lake vilikuwa vimepishana, na mkononi alikuwa na kamba yenye fundo. Alisema mkewe amefariki, mazishi ni leo alasiri, na seremala aliyeahidi jeneza hajaonekana wala simu hapokei. Ile kamba ilikuwa urefu wa mkewe. Mbao alizokuwa nazo mwanangu zilikuwa zimetoka kwenye msumeno tu, zina miiba, na kuziranda zote kwa mkono kungemaliza siku.

Akaja dirishani kwangu. "Mama, nifanyeje?"

Nyuma yangu nilimsikia Redio akisoma. Nilijua kabisa kilichoko hatarini, maana mimi ndiye niliyekuwa nakilinda kuliko wote. Nikamtazama yule mtu na vifungo vyake.

"Washa," nikasema.

Randa iliponguruma, sauti ya Redio ikakatika katikati ya neno. Alitoka na vile vya masikioni shingoni na uso ambao sikuwahi kuuona, nikasema leo ni leo. Alifika mlango wa uani, akamwona yule mtu amekaa kwenye kigoda, kamba imelala mapajani. Kisha akavivua vile vya masikioni, akaviweka dirishani, akaenda kushika upande wa pili wa ubao usiyumbe kwenye mashine. Alifanya kazi na mumewe bega kwa bega mpaka jeneza likatoka, nami nikashona kitambaa cha ndani, cheupe. Hatujawahi kufanya kazi vizuri namna ile, sisi watatu. Sura ya mwisho haikwenda. Redio aliwabembeleza kampuni, wakamwongezea siku chache, wakasema ni za mwisho.

Jioni akatuambia anaondoka. Mwanangu alisema atahamisha karakana. Akasema atauza randa. Akasema atajifunza upakaji rangi, brashi haina kelele. Nilitaka kucheka, badala yake nikalia.

"Leo hakuna aliyekosea," Redio akamwambia. "Na kesho akija mwingine utawasha, na mimi nitataka uwashe. Ndiyo maana naondoka. Ningekuwa na hasira ningebaki tugombane."

"Jumamosi utakuja?"

"Usiniulize hivyo, mume wangu. Sihamishi kazi. Naondoka."

Alimwita "mume wangu" kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kuta zile hakuzitaka. Alisema ni kazi ya mumewe, zibaki. Mwanangu akasema zikibaki atakuwa anajigonga nazo kila apitapo sebuleni, achukue. Akaenda mwenyewe kukagua hicho chumba kipya. Aliporudi akasema ngazi za kule ni nyembamba na zina kona, fremu hazitapita. Nikashukuru kimoyomoyo, nikidhani ngazi zimetusaidia. Lakini mwanangu alishachukua penseli, anachora mstari mpya kwenye fremu, mwembamba zaidi.

Alizipunguza kwa msumeno wa mkono, taratibu, kwa sababu Redio alikuwa chumbani anasoma ile sura yake. Mimi nilifumua mishono yangu yote, nikakata kitambaa, nikashona upya. Nimefumua nguo nyingi maishani, za waliokonda na za waliofiwa, na sijawahi kuona uzi mgumu kutoka kama ule. Mara moja nilimwambia mwanangu anaweza kukosea kipimo, nani atajua. Akaniambia, "Mama, usinifanyie hivyo," akaendelea kukata.

Chumba kile zamani kilikuwa stoo ya nyaraka ya benki. Kuta zake ni nene, mlango ni wa chuma, na pembeni ya mlango kuna kijidirisha cha kioo kizito. Tulizipandisha kuta wenyewe. Kwenye kona ya ngazi zilipita bila kukwaruza, mwanangu alikuwa amepima sawasawa. Tukazizungusha kwenye meza, tukaacha pengo upande wa mlango, tukafunga breki za magurudumu. Redio alikaa, mgongo ameupa mlango, akavaa vile vya masikioni. Akasema tujaribu kabla hamjaenda. Mumewe atoke nje kwenye korido apige kelele zote alizonazo, aone kama kuna kinachoingia.

Mwanangu akatoka, akauvuta mlango.

Redio alifumba macho akasikiliza. Pole pole mabega yake yakashuka, uso ukalegea, na nikauona uso ambao nilikuwa nimeusahau, wa yule binti aliyeletwa kwangu kutambulishwa, hana wasiwasi wowote. Nilifurahi kwa ajili yake, na papo hapo moyo ukaniuma. Nikageuka kwenye kijidirisha. Mwanangu alikuwa pale nje, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yanamshuka, anaita jina la mkewe. Anavuta pumzi, anaita tena. Kwetu ndani hakikupenya kitu hata kidogo.

"Mama, mwambie aanze," Redio akasema.

Nikamwambia ameshaanza.