Nyumba Inayotazamana na Duka la Luding

Perlita Gallego alianza kuota nyumba za kupangisha siku aliyohudhuria semina katika hoteli moja mjini Iloilo, Ufilipino. Kijana mwenye viatu vya kung'aa alisimama mbele, akasema nyumba ya pili hujilipa yenyewe: mpangaji analipa kodi, kodi inalipa benki, wewe unalala usingizi. Perlita alikuwa akipikia watoto wa shule chakula cha mchana, na mumewe, Rodel, alikuwa fundi wa viyoyozi. Hawakuwa na cha kuweka rehani ila nyumba yao ya mtaa wa La Paz, ambayo Rodel aliijenga chumba baada ya chumba kwa miaka mingi. Rodel aligoma. Perlita akamng'ang'ania mpaka akalegea.

Wakanunua nyumba ya ghorofa katika mtaa wa Jaro, ambayo benki ilikuwa imemnyang'anya mtu kwa deni. Bei ilikuwa ya chini mno, lakini Perlita alijiambia kwamba hiyo ndiyo bahati yenyewe. Akapaka ngazi rangi nyeupe kwa mkono wake. Padri akaja kunyunyiza maji ya baraka. Kisha akaingia mpangaji wa kwanza, mwalimu na mkewe. Hawakumaliza hata mwezi wa pili. Walihama mchana kweupe bila kuaga, funguo wakaziacha mlangoni.

Tangu hapo nyumba ikadoda. Watu walikuja, wakasifia jiko, wakasema watarudi. Hakuna aliyerudi. Perlita akashusha kodi, akashusha tena. Kila alichopata Rodel kikawa kinaishia benki, na mezani ikawa ni wali na samaki wakavu, wali na samaki wakavu, hadi binti yao akaanza kusema hana njaa. Mwishowe mwanamke wa benki akapiga simu, akaongea kwa upole uliomtisha Perlita kuliko matusi. Wasipolipa, nyumba zote mbili zinakwenda.

Jumamosi iliyofuata Perlita aliwapeleka Jaro nesi mmoja na mumewe. Wakaipenda nyumba. Mume akavuka barabara kununua soda katika duka dogo lililotazamana na geti. Perlita alimwona dirishani akizungumza na mwenye duka, mama mmoja mzee ambaye wote walimwita Manang Luding, yaani Dada Luding. Aliporudi, soda hakuifungua. Alimnong'oneza mkewe, wakaaga.

Perlita akavuka mbio, kandambili moja ikabaki barabarani.

"Manang Luding! Umewaambia nini wale watu?"

"Kaniuliza kama ile nyumba ni nzuri. Nimemwambia mtu alifia kwenye ngazi."

"Kumbe ni wewe! Siku zote hizi ni wewe unayenifukuzia wapangaji! Nimekukosea nini, mama? Nimekuibia?"

"Usinipigie kelele dukani kwangu. Mtu akiniuliza, najibu. Au ulitaka nianze uongo uzeeni?"

"Kwani kuna nyumba ambayo hakujafa mtu?"

"Hakuna," alisema Luding. "Lakini aliyefia kwenye hiyo ni mwanangu."

Luding aliendelea kupanga chupa za siki, sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Watu wa benki walikuja na karatasi. Akapanda juu kufuata miwani aisome vizuri. Kurudi, alifika katikati tu, moyo ukasimama. Mimi nilikuwa hapa hapa, nauza siki."

Perlita alitaka kusema pole. Ikatoka, lakini hofu ya nyumba yake ikaipita mbio: "Pole, mama. Pole sana. Ila nakuomba, usiwaambie tena. Nitakupa chochote kila mwezi."

Neno lilipomtoka alitamani kulimeza. Luding akaweka chupa chini.

"Ile bei, binti. Hukujiuliza?"

"Nilijiuliza."

"Ukanunua."

"Nikanunua."

"Haya. Nenda kwako."

Nyumbani Rodel hakumkumbusha kwamba alimwonya, na hilo lilimuuma zaidi. Perlita akasema bila kumtazama, "Hii yetu itapata mpangaji hata kesho."

"Hii? Lita, kila tofali hapa nimelipanga mimi!"

"Najua."

"Basi kakae Jaro peke yako!"

Usiku huo Rodel alilala sebuleni. Lakini Jumatatu alianza kufungua kabati vipande vipande ili walihamishie Jaro.

Baharia mmoja na familia yake waliichukua nyumba ya La Paz wiki hiyo hiyo. Siku Rodel alipokuwa akipandisha kitanda huko Jaro, Luding aliingia bila kubisha hodi. Rodel akampisha. Bibi akapanda, akasimama katikati ya ngazi, akaweka kiganja ukutani. Kisha akashuka.

"Binti yenu asilale chumba cha mbele," alimwambia Perlita. "Mvua ikija na upepo, kinavuja." Akarudi dukani kwake.

Benki sasa inalipwa, kwa shida. Mezani Rodel anaongea na binti yake tu. Mwisho wa mwezi Perlita huenda La Paz kupokea kodi, na mara ya mwisho alikuta wapangaji wameng'oa madirisha ya mbao ambayo Rodel aliyachonga mwenyewe, wakaweka ya vioo. Aliporudi, Rodel alimuuliza nyumba ikoje.

"Iko vizuri," alisema, akaenda kuosha mchele.