Mlango wa Chumba cha Kwanza

Kapteni Yevsei Kholmogorov nilimchukia tangu siku aliponizaba kofi mezani kwa sababu ya kipande cha samaki mkavu. Naye alinichukia kwa sababu torpido ya nyuklia ilikaa chumba cha kwanza, puani mwa nyambizi yetu, na mlinzi wake nilikuwa mimi. Amri ya kuirusha ilikuwa yake, lakini ufunguo wa kuiandaa ulining'inia shingoni mwangu mpaka Moscow waseme. Hilo lilimkera kuliko Wamarekani.

Wamarekani hao walikuwa juu yetu tangu jana yake, katika Bahari ya Norwei, wakitutupia mabomu madogo ya kutulazimisha tuibuke. Kule chini redio haikushika kitu. Betri zilikuwa zinakata roho na mabaharia wamebaki na chupi tu kwa joto. Bomu moja likapasuka karibu, taa zikazimika, nikamsikia Kapteni kwenye kipaza sauti.

"Taras! Andaa ile kubwa."

"Moscow wamesema, Komredi Kapteni?"

"Moscow gani? Moscow labda imeshakuwa majivu, na wewe unanihoji kama mama mkwe! Vita vimeanza. Andaa!"

"Bila amri ya Moscow siandai."

"Basi nakuja kuuchukua huo ufunguo, pamoja na shingo yako."

"Njoo," nikasema.

Yeye alikuwa na bastola, mimi nilikuwa na mlango wa chuma. Kwenye nyambizi zetu, chumba kikiingia maji, mlango hufungwa, na hakuna wa kuufungua mpaka mkuu wa chumba hicho aseme ni salama, hata kama anayelia ndani ni ndugu yako. Kholmogorov mwenyewe aliwafundisha mabaharia sheria hiyo kwa makofi na mateke. Komeo letu lilifunguka pande zote mbili, kwa hiyo nikalikaza, nikabonyeza king'ora.

"Maji! Chumba cha kwanza, maji yanaingia!"

Hakukuwa na hata tone. Mabaharia wangu watatu walinikodolea macho. Nikawaambia wafunge midomo, wakafunga.

Mara nikasikia ngumi mlangoni, na Kapteni akimfokea mtu upande wa pili. "Fungua! Mbwa huyu anadanganya!"

"Siwezi, Komredi Kapteni." Huyo alikuwa Frol, mkuu wa chumba cha pili. "Mkuu wao hajasema ni salama."

"Sheria humu ni mimi!"

"Si ulisema nikifungua utanipiga risasi? Haya, nipige. Bora nife sijawazamisha wenzangu."

Betri zikaisha kabisa, tukaibuka mchana kweupe. Nikafungua mlango, chumba kikavu, tukapanda juu sote. Meli ya Kimarekani ilikuwa jirani kabisa. Baharia mmoja alikuwa anaanika mashati kwenye kamba, akatupungia mkono.

Vita havikuwapo. Kapteni aliyatazama yale mashati muda mrefu, nami nikangoja aseme neno moja la kibinadamu. Nilitamani sana aliseme.

"Umenidhalilisha mbele ya watu wangu," akasema, akanitemea mate usoni.

Bandarini nilivuliwa cheo kwa kupiga king'ora cha uongo. Yeye aliachiwa nyambizi yake. Safari iliyofuata ufunguo aliuvaa mpwa wake, mtu mpole, asiyeuliza maswali.