Gauni Jeusi Juu ya Taa

"Unapanda kaburi," Mzwabantu alimwambia kutoka ng'ambo ya uzio.

MaKhwalo hakuinua kichwa. Alichoma udongo kwa kijiti, akadondosha mbegu mbili, akafukia kwa kidole gumba, akasogea shubiri moja, akachoma tena. Kumzunguka pande zote mahindi yalisimama makavu, ya manjano mpaka shinani, katikati ya msimu wa mvua, jambo la kumtia mtu wazimu. Wiki moja nyuma helikopta ya serikali ilipita juu ya bonde ikimwaga dawa ya kuua bangi. Bangi ilikufa. Mahindi nayo yakafa, na maboga, na maharage, kwa kuwa dawa haina macho, na waliokuwa wakiimwaga walikuwa nayo ila hawakuona haja ya kuyatumia.

"Mwezi wa kwanza unaisha huu," shemeji yake aliendelea. "Bangi inapandwa mvua za kwanza. Hata mtoto wa juzi anajua. Itaota ikufike gotini, halafu baridi iingie. Utavuna nini? Goti?"

"Nitavuna goti basi," alisema MaKhwalo.

Mzwabantu alicheka, akaenda zake. Angeweza kucheka. Kikao cha ukoo kilikuwa kimekwisha na yeye ndiye aliyekiitisha. Mumewe MaKhwalo, mdogo wake Mzwabantu, alifariki majira ya baridi yaliyopita, na boma la mjane lilikuwa na chumba kimoja, mbuzi wachache, na shamba hili la mteremkoni ambalo sasa lilikuwa majani makavu. Wazee walisema kwa upole, na upole wao ndio uliouma: baridi ikianza shamba halijailisha nyumba, MaKhwalo afunge mlango, achukue mbuzi wake, ahamie kwa shemeji. Atapewa kona ya kulala. Alikubali mbele yao, maana asingekubali wangemhamisha siku ileile. Lakini moyoni aliapa kwamba kona ya mtu hatalala, labda wambebe amekufa.

Na mbegu alizokuwa akizifukia ndizo zilikuwa za mwisho. Mama mkwe wake alimwachia, naye aliachiwa na mkwe wake. Jirani yake Nosapho, mke wa Mzwabantu, alimsihi azitunze hadi msimu ujao. Mtu hachezi kamari na mbegu, alisema. MaKhwalo alimjibu kwamba msimu ujao hatakuwa na pa kuzipanda.

Hakuwa kichaa, ingawa bonde zima lilishaamua hivyo. Kabla ya kuolewa alifanya kazi miaka mingi kwenye kitalu cha maua nje ya Pietermaritzburg, na huko alikuwako mtafiti wa chuo kikuu, Bi Moodley, mwanamke mfupi aliyeongea na wafanyakazi kama anavyoongea na wanafunzi wake, yaani bila kupumzika. Bi Moodley alikuwa akichunguza kosmosi, lile ua la rangi ya waridi linalojaa kandokando ya barabara baridi inapokaribia. Alipanda trei moja, akakaa wiki kadhaa akapanda nyingine, kisha nyingine. Yalipochanua, yalichanua yote kwa pamoja, marefu na mafupi, wakubwa na wadogo zao.

"Ua halihesabu umri wake, Nofezile," alimwambia, kwa kuwa huko walimwita kwa jina lake la kuzaliwa. "Linahesabu giza. Usiku ukirefuka vya kutosha, linachanua hata likiwa na kimo cha kikombe."

Nofezile aliuliza kama bangi nayo ni hivyo. Bi Moodley alitazama mlangoni kwanza. Akasema sheria haimruhusu kuipanda, kwa hiyo hana alichoandika juu yake, wala wenzake hawana. Lakini ni mmea wa mwaka mmoja, unaota, unachanua, unakufa, na unachanua usiku unaporefuka. Yeye angekuwa mkulima wa bangi, angesoma yaliyoandikwa juu ya kosmosi, kisha angeuacha mmea wenyewe umsahihishe.

Basi MaKhwalo alipanda kwa karibu, kama wanavyopanda maua ya vyunguni: miche mingi midogo, kila mmoja na shina moja, mahali pa miti michache mikubwa. Miche iliota chini ya mahindi makavu, ikajificha humo. Akaiacha hivyo kwa makusudi. Aliye juu angani angeona shamba lililokufa.

Mwezi wa tatu miche ya juu ya mteremko, iliyokuwa imemfika gotini kama alivyotabiriwa, ilitoa nywele nyeupe nyembamba kwenye vifundo. Maua. MaKhwalo alikaa chini palepale kwenye tope akalia, kisha akacheka kwa sauti, mjane peke yake shambani. Waliomsikia walizidi kuamini walichokuwa wakiamini.

Ila sehemu ya chini, ambayo ndiyo kubwa, haikuchanua. Miche ya huko ilikuwa na afya kuliko ya juu, kijani tupu, inarefuka kila siku na kutoa majani. Mbegu ni zilezile, udongo ni uleule. Alichunguza mizizi, akachunguza majani upande wa chini, hakuona ugonjwa. Nosapho alimwambia labda ardhi ya chini imekataa. Siku nzima MaKhwalo alizunguka akijiuliza amekosea wapi, mpaka alipoinua macho akaona kitu ambacho alikuwa akikitazama kila siku bila kukiona.

Mzwabantu alikuwa amefunga taa ya sola kwenye nguzo ya zizi lake, ile iliyogusa uzio. Wezi wa ng'ombe walipita kijiji cha jirani, naye akanunua taa ya kuwakatisha tamaa. Jua likizama inawaka yenyewe, na mwanga wake unaruka uzio na kulala juu ya shamba la chini hadi alfajiri. Kule kitaluni meza moja ya kosmosi iliwahi kusahauliwa chini ya balbu, na iliendelea kuota majani wakati wenzake wamekwisha kuchanua na kunyauka. Bi Moodley hakumkaripia aliyesahau. Alifurahi, akaiandika.

MaKhwalo alikwenda kuomba. Alieleza vizuri, kwa heshima, amepiga magoti kama mke wa mdogo mtu anavyopaswa. Azime taa kwa muda tu, maua yatokeze.

Mzwabantu alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mimi ng'ombe wangu waibiwe ili bangi yako ipate usingizi."

"Igeuze basi, shemeji. Iangalie zizi, isiangalie kwangu."

"Taa yangu. Nguzo yangu." Aliinuka. "Baridi imekaribia, MaKhwalo. Nimeshakusafishia ile kona."

Alirudi nyumbani kwa hatua za hasira. Kila upande wa maisha yake kulikuwa na mtu aliyeamua kwa niaba yake: huyu kwa dawa kutoka angani, huyu kwa kona, huyu kwa taa. Alijitazama. Alikuwa katika nguo nyeusi za eda tangu siku ya mazishi, gauni zito lililofika kwenye vifundo vya miguu, ambalo mjane hulivaa mwaka mzima, kisha huchomwa moto mbele ya ukoo. Kabla ya hapo hakuna anayeligusa isipokuwa yeye. Lina kifo ndani yake. Mwanamume akilishika, mifugo yake itakufa, watoto wake watapooza, bahati itamkimbia. Kila mtu bondeni alilijua hilo tangu alipoanza kutembea.

Kule kitaluni, walipotaka kuyadanganya maua kwamba usiku umeingia, walitumia kitambaa cheusi.

Alingoja Jumapili. Wanaume walikuwa wamekaa kando ya zizi la Mzwabantu, kopo la pombe likizunguka. MaKhwalo alitoka ndani kwake, akabiringisha pipa tupu hadi kwenye uzio, akalisimamisha, akapanda juu yake. Mazungumzo yalikatika. Mjane wa eda kukaribia zizi la ng'ombe tayari ni kosa. Alivua gauni jeusi lililokuwa juu ya gauni lake la zamani la manjano, akalinyanyua kwa mikono miwili, akaivika ile taa, kioo na paneli yake. Akafunga mikono ya gauni kwa nyuma ya nguzo, fundo juu ya fundo.

"Anayetaka aliondoe," alisema.

Mzwabantu alikwisha simama, fimbo mkononi. Alipiga hatua, akasimama. Aliwatazama wenzake. Mzee mmoja aliyekuwa ameshika kopo aliliweka chini taratibu.

"Mimi simo," alisema yule mzee. "Nina ng'ombe watano tu."

Wengine nao ghafla wakakumbuka kazi nyumbani.

Gharama yake aliilipa. Kina mama wa kanisani waliacha kumsalimia. Nosapho alimwambia mwenye njaa hana miiko, lakini si kwa kumsifu. Na usiku wa kwanza bila nguo ile MaKhwalo aliona haya mbele ya mumewe, kwa maana alimpenda mtu yule, na alimwomba radhi kwa sauti ndani ya nyumba tupu. Kisha akamweleza habari za taa. Alimjua mumewe. Angecheka mpaka akohoe.

Giza likarudi shamba la chini. Kabla mwezi haujageuka miche ilisita kurefuka, na nywele nyeupe zikatokeza, mstari kwa mstari, zikifuata pale kivuli kilipoanzia. MaKhwalo aling'oa mapema madume yote, ile miche inayotoa chavua, yasije yakajaza maua mbegu. Wanunuzi hawataki mbegu. Alibakiza tawi moja tu la dume, akaliweka ndani ya kopo la maji nyumbani.

Asubuhi moja isiyo na upepo alishuka nalo shambani, na Mzwabantu akaja kwenye uzio. Alikuwa amekonda kidogo. Alikuwa akilinda ng'ombe mwenyewe usiku. Alisema kwamba wazee wanauliza kikao kiwe lini. MaKhwalo alisema waje wakati wowote, atawapikia. Mzwabantu alisema gauni litoke. MaKhwalo akamjibu kwamba mkono anao, aliondoe mwenyewe.

Mzwabantu alibaki pale. Alitazama mistari ile ya miche mifupi, imesongamana, vichwa vizito, harufu imejaa mpaka upande wake wa uzio. MaKhwalo alikuwa amechagua mche mmoja jike, akashika tawi lake moja la chini, na kulikung'utia lile tawi la dume juu yake, polepole, akiukinga kwa mwili wake mche wa jirani.

"Na hilo la nini sasa?" Mzwabantu aliuliza. "Si ulisema hawataki mbegu?"

"Hizi si za kuuza."

"Za nini?"

"Za mwaka ujao."

Aligonga shina tena kwa kidole. Vumbi la manjano likashuka juu ya nywele nyeupe, jingine likamwangukia kwenye mkono, naye hakulifuta.