Tone la Rangi kwenye Skrubu

Gizani nilisikia kigololi kikigonga ndani ya chupa, kwa-kwa-kwa, halafu kimya. Umeme ulikuwa umekatika kwa zamu ya mtaa wetu, nami nilikuwa bafuni namsuuza binti yetu Tamlyn nywele kwa kikombe. Anayepaka kucha anaijua sauti hiyo: ni chupa ya rangi inayotikiswa kabla ya kufunguliwa. Na chumbani hakukuwa na mtu isipokuwa mume wangu, Elroy, ambaye hapaki kucha.

Nikamsikia akitokea mlango wa jikoni kwenda gereji. Sikumwita. Nilijua anakwenda kufanya nini, na kesho yake asubuhi tulikuwa tunasafiri.

Gari letu ni Celica ya milango miwili. Sura ya mbio inayo, lakini huku Joburg tuko juu, hewa ni nyepesi, na gari lisilo na turbo huhema kama mzee kwenye ngazi. Quinton, kaka yake Elroy, ana Golf yenye turbo. Kila Jumapili akija kula kwetu Eldorado Park huuliza kama ile Celica imeshaachishwa ziwa. Elroy alicheka naye mpaka siku alipochoka kucheka. Akatafuta turbo, akampelekea Anko Faizel aifunge.

Anko Faizel ndiye aliyewafundisha ufundi wa magari nusu ya vijana wa mtaa huu. Alikubali, ila alituita sote wawili mbele ya boneti.

"Turbo inashindilia hewa ndani ya injini," alisema. "Injini hii haikuzaliwa nayo, imeozwa ukubwani. Ukiishindilia kidogo utafurahi. Ukizidisha, itatoboa pistoni, na haitakuuliza uko na nani garini."

Kiasi cha kushindilia kinapangwa na skrubu moja ndogo. Aliikaza hadi alipotaka, kisha akaniomba rangi yangu ya kucha, ile nyekundu, akadondosha tone juu yake. Mtu akiigusa, tone linapasuka. Hufanya hivyo kwa kila gari, na rangi huiomba kwa mke. "Muhuri ni wako, binti yangu," aliniambia. "Huyu mwenzio namjua."

Jumamosi kabla ya safari Elroy na Quinton walitoka kununua mkaa wa kuchomea nyama. Walirudi bila mkaa. Quinton alikuwa kimya, na Elroy alikuwa anatabasamu peke yake kama bwana harusi. Nilifurahi kumwona vile, sitadanganya. Sikuuliza.

Sasa, pale bafuni gizani, nilikuwa nimeelewa: skrubu iliguswa, na tone linapakwa upya. Na safari yenyewe ni ya Durban, kwa mama yangu, ambaye tangu akatwe mguu hajamshika Tamlyn. Kule chini hewa ni nzito. Anko alikwisha kutuonya kwamba skrubu iliyozidishwa huku juu, pwani ndiko inakoua injini. Nilimkausha mtoto, nikamvisha, nikajiambia nitampa Elroy mpaka asubuhi aseme mwenyewe. Alirudi, akalala. Hakusema.

Kulipokucha nilikuwa nafunga mikate ya kukaanga na mayai ya njiani wakati Anko Faizel alipofika, kama alivyoahidi, kulikagua gari kabla ya safari. Elroy alifungua boneti taratibu sana. Nilisogea na mfuko wangu wa chakula mkononi.

Tone lilikuwa pale, zima, halijapasuka. Lakini lilikuwa la waridi, tena linalometameta. Gizani Elroy alikuwa amechukua chupa ya Tamlyn, ile aliyopewa siku ya kuzaliwa.

Anko aliinama, akatazama, akanyooka. Tamlyn alikuwa amesimama kando yangu na kucha zake kumi, zote za waridi lilelile. Mzee akazitazama, akacheka kidogo.

"Kumbe fundi tunaye," akasema. "Mjukuu wangu, ni wewe umechezea huku?"

Hapo Elroy alikuwa amefunguliwa mlango kabisa. Neno moja tu, au hata kunyamaza, na tungeondoka. Nilimtazama, nikaona naye anaujua huo mlango.

"Si yeye, Anko," akasema. "Ni mimi. Niliikaza mzunguko mmoja, Jumamosi."

"Kwa ajili ya Quinton?"

"Kwa ajili ya Quinton."

"Ulimpita?"

"Nilimpita."

"Basi imetosha." Anko alitoa bisibisi mfukoni akampa. Elroy akaulegeza ule mzunguko kwa mkono wake, polepole, huku mzee akimhesabia robo kwa robo, halafu mume wangu akanigeukia bila kuniangalia sawasawa na kuniomba ile nyekundu.

Nilikuwa bado natafuta ndani ya mkoba wakati Tamlyn alipotikisa chupa yake, akajipenyeza kati ya miguu ya baba yake.

"Mara hii napaka mimi," akasema.